Nyapara na Samaki wa Jumapili

Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Nilikuwa mgeni katika nyumba za wakataji mkonge, ndoa yangu ikiwa bado changa, na kila alfajiri, ukungu wa mto Ruvu, huu wa kwetu Korogwe, ukiwa umelala juu ya mashamba, sauti moja ilipita baina ya nyumba ikiita majina. Haikuwa ya kufoka. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba ataitikiwa. Mume wangu Sefu alikurupuka kitandani kama aliyemwagiwa maji.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Nyapara," akasema, akavaa shati na kutoka bila kunitazama.

Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Tulimwita Nyapara wakati akiwasimamia watu kazini, na tukaendelea kumwita Nyapara miaka mingi baada ya kazi yenyewe kufa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu kama ya korongo. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa hata masika, wakati sisi wengine tulitembea tumebeba tope hadi magotini. Nikimkumbuka leo, humwona daima amezungukwa na ukungu, viatu vikitangulia kuonekana, kisha mtu mwenyewe.

Nieleze ubaya wake kwanza, maana ndio ulioingia nyumbani kwangu kabla ya wema wake.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Sefu alikwenda kazini akiwa na homa. Alikata majani yake, akafunga mafungu yake, akayapanga kandoni mwa njia kama ilivyotakiwa. Nyapara akaja, akachomoa jani moja, akalipima kwa fimbo yake. Akasema ni fupi. Sefu akamwambia, "Mzee, naumwa, nivumilie leo." Nyapara akalipiga teke fungu lile likatawanyika, akakataa kumwekea alama kwenye kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Siku nzima ya kazi ikawa bure. Sefu akaanguka akirudi, pale njia inapokata reli, na watu wakamleta wamembeba kwenye kitanda cha kamba. Alilala masika yote. Alipopona alirudi kazini kwa sababu kazi nyingine haikuwapo, lakini hakumsalimia tena Nyapara. Kwetu salamu ni kama maji. Hata mtu uliyegombania naye mpaka wa shamba utamwambia shikamoo akikuzidi umri. Sefu alipita kando ya Nyapara kama mtu anayepita kando ya mti.

Kisha Uhuru ukaja, tukaimba, na baada ya miaka michache bei ya mkonge ikaanguka huko inakopangwa. Mitambo ya korona, ile iliyonguruma kutwa ikichambua majani kuwa nyuzi, ikazimwa. Asubuhi ya kwanza bila korona niliamka nikadhani nimekuwa kiziwi, hadi niliposikia ndege. Wakataji wengi walirudi makwao, wengine mbali kabisa. Sisi tulibaki, tukafyeka ukingoni mwa mto, tukapanda mahindi na migomba. Nyumba zetu ndizo zilizokuja baadaye kuandikwa kijiji cha ujamaa.

Nyapara naye akabaki. Tulitegemea aondoke kwa aibu. Badala yake akaanza kwenda mtoni na fimbo ya mwanzi.

Kuvua kwa starehe alikuwa amejifunza kwa fundi mkuu wa korona, Mgiriki mmoja aliyekuwa akishinda mtoni kila Jumapili na Nyapara akimbebea kapu. Mgiriki alikwenda zake. Nyapara akabaki na mazoea. Alisokota mshipi wake kwa singa za mkonge, akachonga maboya kwa mlingoti mkavu wa mkonge, ule unaoelea kama povu. Alikuwa na mahali pake, pale mto unapojipinda chini ya mikuyu na maji kutulia, mahali tulipopaita Bwawani. Pale alikuwa mtu mwingine. Alivua viatu, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni, akaingia ukingoni peku kama anayeingia msikitini. Na sauti ile iliyotuamsha miaka yote haikupanda tena. Alinong'ona.

"Mto haupigiwi filimbi," alikuwa akisema.

Maneno yake mengine: "Samaki hana haraka, haraka ni yako." "Anayezungumza sana amekuja kuvua masikio." Na mvua zilipokuwa karibu aliapa kila mara kwamba hazitanyesha, zikanyesha, naye akasema hizo si mvua, ni manyunyu tu. Alikuwa mwongo wa hali ya hewa. Tena alikuwa bahili wa chumvi. Ukimwomba kidogo alikupa punje unazoweza kuzitaja majina.

Jambo lililonichanganya zaidi nililiona siku niliyokwenda Bwawani kuchota maji. Alikuwa amemnasa perege mdogo. Hakumtupa mtoni. Aliinama, akamshika ndani ya maji kwa mikono miwili, kichwa kimeelekea maji yanakotoka, akangoja. Samaki akahema, akahema, kisha akajikokota mwenyewe na kutoweka kwenye maji ya kijani.

"Humtupi," akaniambia bila mimi kuuliza. "Aliyetoka kwenye shida humtupi. Unamshikilia mpaka apate pumzi."

Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa na hasira. Akilini nilimwona Sefu kwenye kile kitanda cha kamba, na mtu yule yule akiwa ameinama majini kwa huruma ya samaki.

Wageni walianza kuja wawili watatu. Wa kwanza alikuwa karani wa stesheni ya Korogwe, aliyekuwa amesikia habari za Bwawani kutoka kwa Mgiriki. Akamleta makanika wa Kihindi mwenye gereji mjini. Makanika akaleta binamu zake kutoka Tanga. Wakaja walimu, wakaja maafisa wadogo wa wilaya, akaja daktari msaidizi aliyekuwa akilala na kofia usoni, fimbo imechomekwa kwenye tope, wala asivue kitu. Walikuja Jumamosi kwa treni au kwa gari, wakashinda hadi Jumapili jioni. Sisi tulikuwa tukiwacheka. Mama Zaina, jirani yangu, alikuwa akiuliza, "Mtu mwenye mshahara anakaa juani kutwa kumtafuta kambale anayeuzwa sokoni? Tena akimpata anamwachia? Hawa wamerogwa na nani?"

Lakini wageni hula. Jumapili moja daktari msaidizi alikuja mlangoni kwangu akaomba chai. Nikampikia. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Nikaanza kununua majani ya chai kwa wanawake walioteremka kutoka milima ya Dindira na mizigo ya kabichi vichwani, nikajifunza kukanda chapati. Mama Zaina akaacha kucheka, akasuka mikeka ya kulalia. Fundi baiskeli akahamishia kazi yake chini ya mikuyu. Vijana wakachimba nyungunyungu wa chambo kwenye matope ya migomba. Mzee mmoja aliyekuwa hana kazi tangu korona izimwe akawa anachonga maboya siku nzima, anayapaka rangi nyekundu. Tukajenga kibanda cha wageni, udongo na makuti, na kufika mwaka wa tatu kikaezekwa bati. Watoto walivaa sare zisizo na viraka. Ilikuwa kama ndoto ile ambayo unaokota kitu njiani, unaamka na bado kimo mkononi.

Na katikati ya ndoto hiyo alisimama Nyapara. Ndiye aliyejua mgeni gani amkalishe kwenye jiwe gani, wapi kambale wanapita maji yakichafuka, wapi mamba alionekana juzi. Aliwapendelea wenye mashati mazuri, sitaficha. Mwalimu mwenye kola iliyochakaa alimkalisha juani, afisa akamkalisha kivulini. Walimpa zawadi, naye akazipokea kwa mikono miwili na kuinama kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani kwangu ndoto hiyo ilikuwa na mwiba. Sefu hakuwa akinywa chai yangu. Alijua sukari ile imetoka wapi. Asubuhi alikunywa uji wa mtama bila sukari, macho yake dirishani, na watoto wakinywa chai mbele yake.

"Ni jasho langu mimi, si lake," nilimwambia siku moja.

"Najua, mke wangu. Na wewe sijakukataza."

"Basi kunywa."

"Haishuki," akasema, akajigusa kooni.

Sikumlazimisha tena.

Wakati ule kijiji chetu kilipata Mwenyekiti mpya, kijana aliyesoma hadi darasa la nane, mwenye moyo wa kweli. Sitaki asomeke vibaya hapa. Alilima kuliko wote kwenye shamba la ujamaa, viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Wilaya ilikuwa imemwahidi nyavu kwa ajili ya mradi wa uvuvi wa kijiji, naye aliona Bwawani ndipo pa kuzitega. Akaitisha mkutano mbele ya ghala. Watu wakajaa, wanaume kwenye magogo, sisi wanawake chini na watoto mapajani. Nyapara alikaa peke yake, viatu vimeng'arishwa, mikono juu ya magoti.

"Ndugu wananchi," Mwenyekiti akasema, "taifa linajengwa, na sisi tuna watu wanashika vijiti kuchezea chakula. Samaki wanavuliwa wanaachiwa! Na anayeongoza mchezo huu ni nani? Ni yule aliyewapiga fimbo baba zenu. Napendekeza nyavu zitegwe Bwawani, na huyu mzee asionekane tena ukingoni. Ikibidi, atafute kijiji kingine."

Watu wakaguna. Wengine walipiga makofi. Mimi nilihofia kibanda, nilihofia jiko langu, na nikajionea haya kwamba simwogopei mtu, naogopea chapati.

Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Ndugu Sefu, kijiji kizima kinajua alichokufanyia. Simama useme."

Sefu akasimama. Hakuwa msemaji. Alivua kofia yake, akaishika mkononi akiizungusha.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi na huyu mzee hatusalimiani. Alinionea nikiwa mgonjwa. Sijamsamehe, na leo sikuja kumsamehe. Mkitaka ushahidi wa hilo, ninao mwilini." Akaitazama kofia. Nilidhani amemaliza. "Lakini umeniita kwenye mkutano wa mto. Samaki wa wavu utamuuza mara moja, jioni amekwisha. Huyu wa mchezo, kabla hajatoka majini, ameshauza chai ya mke wangu. Ameuza mkeka wa Mama Zaina. Amemlipa fundi baiskeli. Akirudishwa majini, Jumapili ijayo anauza tena. Mimi sukari yake siinywi. Ila watoto wangu wanakunywa, na wako darasani. Tusimwue samaki kwa sababu ya Nyapara."

Akavaa kofia, akakaa.

Kisha Mama Zaina akainuka bila kuruhusiwa, akasema, "Mwenyekiti, nyavu zako zitege chini ya daraja, huko maji ni ya wote. Bwawani utuachie." Wanawake wakaitikia kwa vigelegele. Mwenyekiti alitutazama, akajikuna kidevu, na kwa heshima yake nasema hakukasirika. Iliamuliwa nyavu zitegwe chini ya daraja. Kila mgeni wa Bwawani akilipe kijiji ada ndogo ya kuezekea zahanati. Na Nyapara abaki, ila akalime shamba la ujamaa kama sisi sote.

Watu walipotawanyika Nyapara alisimama katika njia ya Sefu, mdomo umefunguka kidogo. Sefu akampita kando kama siku zote.

Shambani tulimwona akilipa. Mkono wake haukuwa wa jembe. Alibaki nyuma ya mistari, akihema, viatu vimetundikwa shingoni. Vijana waliokuwa wakimsikia utotoni akiita majina ya baba zao walimwigiza. Mmoja alisimama juu ya kichuguu, akanyoosha shingo, akaita jina la Nyapara kwa ile sauti ya alfajiri. Shamba zima likaangua kicheko. Nyapara akanyoosha mgongo, akajibu, "Nipo." Akainama tena akaendelea kulima. Kicheko kikakatika chenyewe. Tangu siku hiyo hawakumwigiza.

Miaka ile ya Bwawani ilikuwa mizuri, na kama mambo mazuri mengi hatukuona inavyoondoka. Mafuta yakawa adimu nchini. Ikatoka amri kwamba Jumapili mchana magari ya watu binafsi yasiwe barabarani. Wenye magari walikuja asubuhi wakatazama saa zaidi ya boya, kisha wakaacha kuja. Waliobaki walikuja kwa treni, na treni nayo ikawa inakuja inapotaka. Halafu sukari ikakosekana, ngano ikakosekana. Unawezaje kumkaribisha mgeni kwa maji ya moto? Nilipika mihogo, nikapika magimbi, na daktari msaidizi, Mungu amrehemu, alikula yote na kusifu. Lakini hata yeye alihamishwa. Maboya mekundu yakafifia nyumbani kwa yule mzee aliyeyachonga. Zahanati ilikuwa imeshapata bati lake. Hilo hakuna aliyeweza kutunyang'anya.

Nyapara aliendelea kwenda. Jumapili nyingi nilipopita na ndoo nilimkuta ameketi kwenye lile jiwe la maafisa, kivulini, peke yake, akiwatazama kerengende wakigusa maji. Hata fimbo hakuwa nayo. Kisha Jumapili moja jiwe likawa tupu. Tulisikia binti yake aliyeolewa Kwedizinga amekuja kumchukua.

Ilipita miaka mingi. Binamu yangu alimwoza mwanawe huko huko Kwedizinga, nami nikaenda harusini kwa basi la Handeni. Nchi ile ni kavu, ardhi nyekundu, maji yanabebwa kwa punda. Sherehe ilipotulia nikauliza, nikaonyeshwa nyumba.

Nilimkuta barazani kwenye kiti cha kamba, amefunikwa shuka ingawa jua lilikuwa kali. Shingo ilikuwa imezama mabegani. Alikuwa peku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mke wa Sefu. Wa Bwawani."

Akainua uso, akanitazama. Kisha akasema, "Wa chapati."

"Wa chapati."

Akacheka kidogo. Binti yake akaleta uji, nikampokea bakuli nikamnywesha mwenyewe, maana mikono yake ilitetemeka. Tukazungumza juu ya watu. Fulani yuko wapi, fulani amekufa lini. Upepo ulikuwa ukiburuta majani makavu uani, na kwa muda, macho yangu yakiwa mazito kwa jua, sauti ile ya majani nikaisikia kama maji.

Sijui ni nini kilichonipa ujasiri. Nikaweka bakuli chini nikamuuliza, "Mzee, kwa nini ulikuwa mkali vile?"

Nilitegemea aseme alilazimishwa. Manyapara wote walisema hivyo.

"Watu wanadhani nilimwogopa mzungu," akasema polepole. "Sikumwogopa. Nilipenda. Nilipoita jina, mtu mzima akatoka mbio. Nilipenda hilo." Akafuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Mtoni nilikuwa naita, hakuna anayekuja. Nikapenda na hilo. Sijui yupi ndiye mimi."

Nilimrekebishia shuka.

"Mumeo yu hai?"

"Yu hai. Analima."

"Mwambie..." Akatazama miguu yake mitupu juu ya udongo mwekundu. "Usimwambie kitu. Atasema nimekutuma."

Nikaaga. Aliinua kiganja.

Nilifika nyumbani kesho yake jua likiinama. Sefu alikuwa uani kwenye mkeka, anapukuchua mahindi, yale machache ya mwaka ambao mvua zilitunyima. Nikamwamkia, nikakaa, nikachukua hindi nami nikaanza kupukuchua. Nikamweleza harusi, nani alikuja, wali ulikuwaje. Akasikiliza yote.

"Ulimwona?" akauliza.

Sikujua amejuaje. "Nilimwona."

Punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

"Anakula?"

"Kidogo. Uji."

Sefu alimaliza hindi lililokuwa mkononi, akavuta gunia dogo, akalijaza punje nzuri za juu, akalishindilia kwa ngumi na kulishona mdomo kwa kamba ya mkonge. Akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha, akiwa bado ameinamia ile kamba, akaniuliza basi la Handeni siku hizi linapita saa ngapi.